Mstari wa Arobaini na Moja

Mji huu wa East Kilbride una vipilefti vingi
kuliko vituo vya basi. Unazunguka, unazunguka,
unajikuta mlangoni pa ofisi ileile,
viatu vimelowa, kadi inaning'inia shingoni,
lifti inanuka kahawa ya jana.

Kazi yangu ni majedwali.
Simtibu mtu. Simpimi mtu.
Nakagua kama jumla ya safu hii
inakubaliana na jumla ya safu ile,
na zisipokubaliana, watu elfu tisa na mia mbili
wa nchi ambayo waraka unaiita mnufaika
wanangoja nitafute peni zilikopotelea.

Leo ni mstari wa arobaini na moja:
petroli ya pikipiki mbili
za kubeba damu kutoka zahanati hadi maabara
na kurudisha majibu kabla wiki haijaisha.
Kando yake mtu wa London ameandika kwa wino mwekundu:
Je, huu ni uendelevu?

Uendelevu.
Neno tulilolishona wenyewe,
tukalitia u mbele, vu nyuma,
likatoka pana kama koti la mtumba:
linamwenea kila mtu, halimkai yeyote.
Mama yangu alikuwa na swali fupi zaidi.
Ya kesho ipo?

Lorna wa meza ya pili, miaka thelathini kazini,
anamenya chungwa juu ya ripoti ya robo mwaka.
Vidonge wamevipitisha vyote, ananiambia,
usikunje uso. Ni petroli tu.
Petroli tu.
Kana kwamba kidonge kina miguu.

Saa nne kamili simu inatetemeka.
Natoa kichupa mkobani, nadondosha kimoja,
nakisukuma na chai iliyopoa.
Lorna anadhani ni cha presha. Mwaka wa saba sasa anadhani hivyo,
na kila Krismasi hunipa chumvi isiyo chumvi.
Glasgow hunipa vya miezi sita kwa mpigo, bure;
msichana wa mapokezi huniuliza habari za mvua.
Siku jibu lilipokuja kwa ujumbe mfupi,
virusi havionekani,
nilikuwa kwenye basi. Nilipitiliza vituo vitatu
nikilisoma neno moja. Havionekani.
Nikarudi kwa miguu, mvua inanipiga, sikuihisi.

Aliyenipima mara ya kwanza ni Nesi Chiduo,
kwenye chumba kisicho na mlango, pazia tu,
akanishika kidole na hakukiachia haraka.
Juzi amenitumia sauti. Jogoo anawika nyuma yake.
"Tangu Machi damu za watu
nazihifadhi kwenye friji la soda dukani kwa Mazengo,
kati ya Fanta na maziwa mtindi.
Umeme ukikatika namwaga, naita watu upya, nachoma upya.
Kuna binti amekuja mara tatu. Mara ya nne hakuja.
Wewe si uko huko kwa wenye hela?"

Niko huko, Nesi. Mimi ndiye mwenye kikokotoo.

Mfumo una kisanduku: Fafanua.
Herufi mia tatu, na nafasi nazo zinahesabiwa.
Nikaandika friji, nikaandika soda, nikaandika binti,
kisanduku kikanikata katikati ya jina lake.
Nikafuta. Nikaandika kiofisi:
Tafadhali zingatieni kwamba gharama ya usafiri
ni sehemu ya tiba. Hata mimi nilisinzia.

Lorna akasogeza kiti. Akasoma begani kwangu,
kisha akatazama mkoba wangu, kichupa, uso wangu,
akatazama polepole, kama anayekagua hesabu
aliyoijumlisha vibaya kwa miaka saba.
Hakuuliza.
Futa tafadhali, akasema. Hapo utapata nafasi ya kuandika damu.

Nikafuta. Nikaandika damu.
Nikabonyeza.
Kwenye kioo kikaanza kiduara kidogo,
kinazunguka, kinazunguka,
kama mji huu,
kikitafuta njia ya kutokea.